Magari ya Misuli ya Marekani na Magari ya Spoti ya Ujerumani: Lipi Linadumu Uwanjani?

(Hotuba hii niliitoa kwenye mkutano wa wapenda magari wanaozungumza Kiswahili hapa Texas. Naiweka yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.)

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu zangu kutoka Dar, Mombasa, Nairobi, Bujumbura, Bukavu na kwingineko, habari za jioni. Vijana mliokaa nyuma karibu na mlango, sogeeni mbele, maana ubishi wenu ndio ulioniita hapa.

Ubishi wenyewe mnaujua. Mustang ya Ford au Porsche? Camaro ya Chevrolet au BMW? Hakuna harusi wala kipaimara ambapo watu wakishakula pilau hawatoki nje kuzunguka magari yaliyoegeshwa na kuanza upya. Mmoja anataja nguvufarasi. Mwingine anataja Nürburgring, uwanja wa mbio wa Ujerumani. Wa tatu anasema Mjerumani ndiye mhandisi, Mmarekani ni makelele tu. Saa mbili zinapita, hakuna aliyemshawishi mwenzake.

Mimi nauliza hivi: tunabishania gari la kufanya nini? Kama ni la kuondoka kwenye taa, jibu analo kila mtu. Kama ni la safari ndefu na familia, tuzungumze siku nyingine. Jioni hii tunazungumzia uwanja wa mbio. Unafika Circuit of the Americas pale Austin, kilomita 5.5, kona 20. Unaingia, unaendesha dakika 20 kwa moto. Unatoka, unapumzika, unakunywa maji, unaingia tena. Asubuhi mpaka jioni, mwezi wa saba, jua la Texas utosini. Hapo swali linageuka. Nguvu peke yake haisemi lolote. Mlio hausemi lolote. Swali ni hili: mzunguko wa nane, gari bado linafanya lile lililofanya mzunguko wa kwanza? Breki bado zinashika pale pale? Injini bado inakupa kila ulichonunua?

Lishikeni swali hilo.

Turudi mwaka 1963. Mwezi wa Septemba, kwenye maonyesho ya magari ya Frankfurt, Porsche walionyesha gari jipya waliloliita 901. Peugeot wa Ufaransa wakalalamika kwamba majina ya tarakimu tatu yenye sifuri katikati ni haki yao, basi likawa 911. Injini yake ilikuwa ya silinda sita zilizolala, lita 2 tu, nguvufarasi 130, imefungwa nyuma kabisa, nyuma hata ya ekseli ya nyuma. Gari zima lilikuwa na kilo elfu moja na ushei.

Vuli hiyo hiyo, huku Marekani, John DeLorean na wahandisi wenzake wa Pontiac walichukua injini ya V8, yaani ya silinda nane, kutoka kwenye magari yao makubwa wakaiingiza ndani ya gari la ukubwa wa kati. General Motors walikuwa na sheria: gari la ukubwa ule lisipewe injini inayozidi inchi za ujazo 330. Hii ilikuwa na 389, yaani lita 6.4. Wakaipitisha kwa mlango wa pembeni, kama nyongeza anayochagua mteja, siyo modeli mpya. Wakaliita GTO, na magari ya namna hiyo, injini kubwa ndani ya bodi ya kawaida, ndiyo tunayoyaita magari ya misuli. Walitarajia kuuza magari 5,000. Mwaka wa kwanza yakauzwa zaidi ya 32,000. Na Aprili 1964, Ford wakaizindua Mustang kule New York.

Mnaona? Haikufika hata miezi minane! Babu wa magari mengi tunayoyabishania hapa alizaliwa ndani ya miezi hiyo. Umri ni mmoja. Malezi ndiyo mbalimbali.

Marekani mafuta yalikuwa rahisi, barabara pana na zimenyooka, na vijana walishindana robo maili, mita 402, kutoka kusimama. Nendeni leo Woodward Avenue pale Detroit, mtaona kwa nini. Ni barabara ya njia nyingi, imenyooka, ina taa. Taa ikiwa kijani, anayeondoka kwa nguvu ndiye mshindi, na shindano limekwisha kabla breki hazijapata joto. Ujerumani kodi ya gari ilihesabiwa kwa ukubwa wa injini. Ukitaka mwendo, ulipaswa kuupata kwa injini ndogo inayozunguka haraka, kwa mwili mwepesi, kwa kona. Na walikuwa na Nürburgring tangu mwaka 1927, leo kilomita 20.8 zinazopanda na kushuka ndani ya msitu wa milima ya Eifel, mahali ambapo gari lenye kasoro linaumbuka kabla hujarudi ulipoanzia. Kila mmoja alimtengenezea mteja wake gari la barabara zake.

Lakini msikimbilie kusema basi Mmarekani hajui kona. Hapa ndipo wengi wanapopotea, na hapa nataka nikae kidogo.

Mwaka 1966 yalianza hapa Marekani mashindano ya Trans-Am. Mbio za uwanjani, zenye kona za kulia na kushoto. Daraja la juu, injini isizidi lita 5. Daraja la chini, isizidi lita 2. Porsche wakawashawishi waandaaji waihesabu 911 kama gari la abiria la kawaida, ikaingia daraja la chini, na ikachukua ubingwa wa watengenezaji wa daraja hilo mwaka 1967, 1968 na 1969. Daraja la juu wakawa Mustang, Camaro na wenzao. Chevrolet walitengeneza injini ya inchi za ujazo 302, chini kidogo tu ya mpaka uliowekwa, makusudi kwa ajili ya sheria ile, wakaifunga kwenye Camaro wakaiita Z/28. Kwa hiyo, ndugu zangu, Camaro na 911 zimeanza kugawana lami moja zaidi ya nusu karne iliyopita, mara nyingi katika mbio zile zile!

Na ndani ya Camaro alikaa Mark Donohue. Ninyi vijana, jina hilo lishikeni. Alikuwa mhandisi, amesoma Chuo Kikuu cha Brown, akiiendeshea timu ya Roger Penske. Mwaka 1968 Trans-Am ilikuwa na mbio 13. Donohue alishinda 10. Kumi! Mwaka uliofuata akachukua ubingwa tena. Je, alishinda kwa kuongeza nguvu? Injini ya kila mtu ilikuwa na kikomo. Timu ile ilichukua bodi ya Camaro ikaichovya kwenye tindikali ili bati liliwe, liwe jembamba, gari lipungue kilo. Walihesabu kila breki, kila springi, kila sekunde ya kujaza mafuta. Gari la misuli lililoshinda ni lile lililokondeshwa.

Hadithi haikuishia hapo. Porsche walipotaka kushinda mashindano ya Can-Am ya Marekani na Kanada kwa gari lao la 917, walimwendea nani? Walimwendea Penske, na Donohue akaenda Ujerumani kukaa na wahandisi wao kulitengeneza. Matokeo yake ni 917/30, injini ya silinda 12, lita 5.4, yenye turbo mbili, zaidi ya nguvufarasi 1,000. Mwaka 1973 zilikuwa mbio nane, Donohue akashinda sita na kuwa bingwa. Mmarekani aliyeikondesha Camaro ndiye aliyewasaidia Wajerumani kuitawala nguvu kubwa kuliko waliyowahi kuishika. Na mwaka huo huo 1973, na tena 1974, bingwa wa Trans-Am, mashindano ya Kimarekani yenyewe, alikuwa Peter Gregg akiendesha 911. Sasa niambieni, mpaka uko wapi?

(Wazee wa Kenya, Uganda na Tanzania walioko hapa wanaweza kuongeza la nyumbani. Safari Rally ya mwaka 1964, Ford walileta Mercury Comet zenye V8 kubwa ya Kimarekani, na mbili tu ndizo zilizofika mwisho. Porsche 911 nayo ilikuja mara nyingi, ikashika nafasi ya pili mwaka 1974 na tena 1978 mikononi mwa Vic Preston mdogo, lakini kushinda haikushinda. Barabara zetu ziliwakatalia wote wawili.)

Haya. Tuje kwenye jambo lenyewe, na jambo lenyewe ni joto.

Nani hapa ameshawahi kukaa karibu na tairi la gari lililotoka uwanjani sasa hivi? Mmesikia ile harufu? Ile ni hesabu inayoungua. Gari lenye kilo 1,700, uzito unaokaribia wa Mustang GT, likija kwa kilomita 200 kwa saa, halafu ukakanyaga breki mpaka 80 ili uingie kona, linaacha kwenye breki nishati ya kiasi cha megajuli 2.2. Nishati hiyo inatosha kuchemsha lita 6 za maji baridi mpaka yatoe mvuke. Hiyo ni breki moja. Kona moja! Pale Austin kuna njia ndefu ya nyuma, karibu kilomita nzima, inayoishia kwenye kona ya 12, na kabla ya hapo na baada ya hapo kuna kona nyingine zinazodai breki nzito. Sasa chukua gari la kilo 1,400. Mwendo ule ule, kona ile ile, nishati inashuka mpaka megajuli 1.8. Gari zito limebeba asilimia 21 zaidi. Kila kona. Kila mzunguko. Dakika 20 nzima.

Joto hilo linakwenda wapi? Kwenye diski, kwenye pedi, kwenye kalipa inayozibana pedi, kwenye mafuta ya breki. Na mafuta ya breki yanafyonza unyevu wa hewa kidogo kidogo, mwezi hadi mwezi. DOT 4, kimoja cha viwango vya mafuta ya breki, kinataka mafuta mapya yasichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishafyonza maji, kiwango chenyewe kinakubali yachemke kwa nyuzi 155. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanwa. Unakanyaga breki, pedali inazama mpaka chini, gari halisimami.

Nimeliona kwa macho. Kijana mmoja wa hapa hapa kwetu, simtaji, na gari lake silitaji, ila lilikuwa la Kimarekani lenye nguvufarasi zaidi ya 700, alilitoa dukani akalileta uwanjani vile vile lilivyokuwa. Kwenye njia iliyonyooka hakuna aliyemwona vizuri. Alipita watu wenye magari ya bei mara mbili. Mzunguko wa nne, mwisho wa njia ndefu, pedali ikazama. Alikuwa na akili, hakuvuta usukani kwa hofu, akapita moja kwa moja mpaka eneo la changarawe na gari likazama humo. Hakuumia, tunamshukuru Mungu. Alirudi baadaye na gari lile lile. Pedi za mbio, mafuta ya breki mapya yenye kiwango cha juu cha kuchemka, mipira ya kupeleka hewa kwenye diski, na rejeta ya ziada ya mafuta ya injini. Nguvu zile zile, uzito ule ule. Akaendesha siku nzima, mpaka wenye magari ya Kijerumani wakaja kuuliza amefanya nini.

Nataka mlione hilo vizuri. Gari halikuwa baya. Lilikuwa limeuzwa kwa ajili ya kazi nyingine.

Na hii ndiyo tofauti ya kweli kati ya pande hizi mbili, ukiniuliza mimi. Porsche wakikuuzia 911 GT3, wamekwisha kulipa gharama ya joto kiwandani. Mafuta ya injini hayakai kwenye bakuli chini ya injini, yanakaa kwenye tangi lake pembeni na kunyonywa na pampu, ili kona ndefu isiyasukume upande mmoja na kuziacha beringi kavu. Kuna njia za hewa kila mahali. Injini ni lita 4, haina turbo, nguvufarasi zaidi ya 500, inazunguka mpaka mara 9,000 kwa dakika, na lile lililotoka mwaka 2021 lina kilo 1,435 au pungufu. Unalitoa dukani, unavaa helmeti, unaingia. Gari la misuli la kawaida linakuachia wewe gharama hiyo uilipe gereji.

Nimesema la kawaida. Maana Detroit nao walijua. Camaro Z/28 ya mwaka 2014 ilikuja na V8 ya lita 7, nguvufarasi 505, tangi la mafuta pembeni kama ile Porsche, diski za breki za kauri, kioo cha nyuma kimefanywa chembamba kupunguza gramu, na kiyoyozi ukitaka unaagiza kwa hela ya ziada. Hilo ni gari la Kimarekani! Ford walipoirudisha Boss 302 mwaka 2012, walisema wazi kwamba kipimo chao ni BMW M3. Waliifikia, na ekseli nzima ya nyuma, ya aina ile ile ya enzi za babu zetu, bado ilikuwa chini yake. Mpaka mwaka 2015 ndipo Mustang zote zikapata suspensheni ya nyuma ambayo kila gurudumu linajitegemea. Kwa hiyo mtu akikuambia Mustang haiwezi kona, muulize: ya mwaka gani?

Sasa kuhusu mkono wa dereva. Hapa sitakaa sana, lakini ni lazima niseme, kwa sababu linahusu usalama.

Gari la misuli lina injini nzito mbele na nguvu nyingi hata injini ikizunguka taratibu. Ukiingia kona kwa papara, pua inagoma, gari linakwenda moja kwa moja. Ukitoka kona kwa papara, ukakanyaga mafuta kabla usukani haujanyooka, mkia unakupita. Linakufundisha mguu wa kulia. 911 ni kinyume. Asilimia kama 60 ya uzito iko nyuma. Ukifunga breki uzito unakuja mbele, matairi yote manne yanasaidiana, ndiyo maana inasimama vile. Ukitoka kona uzito uko juu ya magurudumu yanayosukuma, ndiyo maana inashika vile. Lakini ukiwa katikati ya kona, ukaogopa, ukaachia mafuta ghafla, ule uzito wa nyuma unataka kupita mbele. Za sasa zimefugwa sana. 911 Turbo za miaka ya 1970 hazikusamehe, na ziliua watu.

Kuna dada yetu mmoja, muuguzi, anakaa Houston. Yeye hakununua Mustang wala 911. Alinunua Cayman S ya mwaka 2014, injini katikati, nguvufarasi 325, kilo kama 1,320. Wanaume walimcheka kwenye maegesho, wakamwambia hiyo ni Porsche ya wasioweza 911. Akatafuta mwalimu, akakaa naye kiti cha pembeni siku baada ya siku. Kwenye njia ndefu anaachwa, kila mtu anampita. Ikija breki, ikija kona, anawarudia mmoja mmoja, na wanalazimika kumpisha. Kwa nini? Kwa sababu gari halimwogopeshi, kwa hiyo anajifunza. Mwenye nguvufarasi 700 hutumia dakika zake 20 kujihami. Mwenye 325 huzitumia kuendesha.

Najua mnasubiri Nürburgring. Haya, tuipe nafasi yake.

Kwa miaka mingi, kuzunguka Nordschleife, ile njia ndefu ya Nürburgring, chini ya dakika saba ilikuwa ni heshima ambayo hakuna gari la kampuni ya Kimarekani lililokuwa nayo. Desemba 2024 Ford wakatangaza kwamba Mustang GTD imezunguka kwa 6:57.685. Dereva alikuwa Dirk Müller, Mjerumani. Mwaka uliofuata wakarudi wakapata 6:52.072. Halafu Chevrolet, katikati ya 2025, wakaleta Corvette ZR1X, wakapata 6:49.275, na aliyeshika usukani alikuwa mhandisi wa kampuni, siyo dereva wa mbio anayelipwa. Mimi nilifurahi, sifichi. Nilipiga kelele sebuleni mpaka watoto wakatoka vyumbani.

Lakini tazameni nambari hizi kwa utulivu. Mustang GTD ina nguvufarasi 815. Corvette ZR1X ina 1,250, na ina mota ya umeme mbele. Porsche 911 GT3 RS, mwaka 2022, ilizunguka kwa 6:49.328. Ina nguvufarasi 518. Mia tano na kumi na nane! Tofauti kati yake na Corvette ile ni elfu 53 za sekunde, kupepesa jicho kunachukua muda zaidi. Nguvu imezidi mara mbili na bado, mwisho wa kilomita 20.8, wamefika pamoja. Wepesi, mabawa yanayokandamiza gari chini, matairi, na kujua kutupa joto. Hivyo ndivyo vilivyoziba pengo lile.

Na tazameni pia GTD imetengenezwaje. Giaboksi imehamishiwa nyuma ili uzito ugawanyike. Breki za kauri. Bawa linalojigeuza lenyewe. Bodi ya kaboni. Bei yake inazidi dola 300,000. Hiyo ni Mustang kwa jina na kwa moyo, lakini kwa mwili imekuwa kitu ambacho mhandisi wa Porsche kule Stuttgart angekitambua mara moja.

Sasa, fedha. Maana hapa tulipo hakuna mwenye GTD.

Mustang GT mpya inaanzia dola zaidi ya 40,000. 911 GT3 ya kizazi hiki, ilipotoka mwaka 2021, ilianzia zaidi ya 160,000. Ndugu zangu, tofauti hiyo ni nyumba kule nyumbani. Lakini bei ya kununua ndiyo ndogo. Uwanja unakula matairi, unakula pedi, unakula diski. V8 ya Ford au Chevrolet, vipuri vyake viko kila mtaa wa Marekani, na fundi anayeijua yuko kila kijiji. Diski za kauri za gari la Kijerumani zinaweza kukugharimu maelfu ya dola zikichakaa. Na wale mnaoona Boxster au 911 za mwisho wa miaka ya 1990 zimeshuka bei mkadhani mmeokota, ulizeni kwanza habari za beringi ya shafti ya kati, ile inayojulikana kwa herufi IMS. Ikivunjika, injini nzima inaondoka. Mjerumani naye ana madhambi yake.

Na bima! Someni mkataba wenu. Bima nyingi za kawaida hazigusi uwanja wa mbio. Kuna bima ya siku moja inayouzwa kwa ajili hiyo. Kama huna uwezo wa kuilipa, wala huna uwezo wa kulipoteza gari, usiliingize uwanjani. Nalisema kwa ukali kwa sababu nina watoto wa rika lenu.

Mnanitaka niseme nachagua lipi. Nitasema.

Kama ndiyo unaanza na unataka kujifunza kuendesha, tafuta Cayman iliyotunzwa, yenye nguvu za kiasi, umwige yule dada yetu. Kama una mikono ya gereji, unapenda kufungua na kufunga mwenyewe, na mfuko wako ni wa mfanyakazi kama wangu, tafuta Camaro SS ya kizazi cha sita yenye 1LE, kifurushi cha uwanjani, iliyotengenezwa kabla hawajaifunga laini Desemba 2023. Sijaona gari jingine linalotoa uwanja mwingi kiasi hicho kwa dola moja. Rejeta za ziada zimefungwa kiwandani, difu ya kielektroniki, breki kubwa. Wamarekani waliwasikiliza waendeshaji, na mimi nawaheshimu kwa hilo. Kama Mungu amekujalia, GT3, na wala usiulize mtu. Dodge Challenger zenye supachaja, ile pampu inayosukumia injini hewa, kilo 2,000, nazipenda kwa sauti na kwa sura, na mita 402 ni zake. Uwanjani, hapana. Zitakula breki zako na mshahara wako.

Magari manne yako nje, mawili ya Kimarekani na mawili ya Kijerumani, boneti ziko wazi na wenyewe wamekubali mguse. Kabla hamjatoka, karibuni maswali. Na wale mliojiandikisha kwa Jumamosi ijayo pale Austin, leteni risiti ya mafuta ya breki. Asiyeyabadilisha mwaka huu nitamweka kiti cha abiria, haingii nyuma ya usukani. Ndiyo, mzee pale mbele, swali lako.